Wiki ya Machi, vijana watatu na pointi za miezi kumi na minne

Ifikapo Februari simu yangu hujaa ujumbe wa sauti kutoka kwa kina dada wenzangu hapa Dallas: likizo ya Machi hiyo imefika, watoto wanauliza tunakwenda wapi, na nauli ya watu watano inakaribia kodi ya nyumba ya mwezi mzima. Huwa naumia kuwajibu, maana Februari tumeshachelewa. Shule nyingi za eneo letu hufungwa wiki ileile moja katikati ya Machi, kila familia inatafuta viti vilevile, na mashirika ya ndege yanalijua hilo vizuri. Naandika kwa ajili ya anayetaka kusafiri mwakani.

Sisi tuko watano: mimi, baba watoto na vijana watatu, ambao mwaka 2024 walikuwa na miaka 16, 14 na 12. Tulikwenda Washington, D.C., kuanzia Jumapili Machi 10 hadi Ijumaa Machi 15. Pesa taslimu iliyotutoka kwa safari nzima ni dola 742. Ndege na kitanda vililipwa kwa pointi, yaani zawadi ambayo benki humpa anayetumia kadi yake ya mkopo, nawe unaigeuza kuwa tiketi au usiku wa hoteli.

Nianze na neno gumu. Pointi za kadi ya mkopo zinamfaa mtu anayelipa deni lote kila mwezi, bila kubakiza hata dola. Riba ya kadi nyingi hapa Marekani imepita asilimia 20 kwa mwaka. Ukibeba deni la dola 3,000 mwaka mzima, umeilipa benki zaidi ya dola 600, na hakuna pointi zitakazokurudishia hizo. Kama una deni, mwaka huu wapeleke watoto ziwani na mkaa na nyama, mfurahi, ulipe deni, kisha urudi kwenye haya ninayoyasema. Na tafadhali usitumie kadi ya mkopo kutuma pesa nyumbani ukidhani unachuma pointi. Benki nyingi huhesabu kwamba umechukua fedha taslimu: ada inakatwa papo hapo, riba inaanza siku hiyohiyo, na pointi hupati.

Kwa familia ya kawaida, pointi nyingi hutoka kwenye bonasi ya kufungua kadi. Benki inakuambia utumie, tuseme, dola 4,000 ndani ya miezi 3, nayo itakupa makumi elfu ya pointi. Sisi tulisubiri mwezi ambao bima ya magari mawili inalipwa na matairi yamekwisha, ndipo mimi nikafungua kadi ya kwanza ya safari hii. Miezi sita baadaye mwenzangu akafungua yake. Hatukununua kitu ambacho tusingekinunua. Ilituchukua miezi kumi na minne, na naona ndio mwendo unaofaa kwa nyumba yenye majukumu ya huku na ya nyumbani.

Kosa langu kubwa lilitangulia hayo yote. Nilikuwa na pointi 60,000 kwenye benki, nikasikia watu wakisifia shirika fulani la ndege, nikazihamishia huko zote usiku mmoja kwa furaha. Asubuhi nikaanza kutafuta viti. Wiki yetu ya Machi ilikuwa na viti viwili vya pointi. Viwili, nasi tuko watano. Pointi zikishahamia kwa shirika la ndege hazirudi benki, na mwaka ule hatukusafiri. Kijana wangu wa kati alikuwa ameshawaambia marafiki zake, na kuuona uso wake kuliniuma kuliko kupoteza pointi. Tangu siku hiyo nina kanuni moja: natafuta viti vyote vitano kwanza, naviona kwa macho yangu kwenye skrini, ndipo nahamisha pointi.

Pia huwa nafanya hesabu ndogo kabla ya kulipa. Chukua bei ya tiketi kwa dola, toa kodi utakayolipa hata hivyo, gawa kwa idadi ya pointi. Tiketi ya dola 320 inayouzwa kwa pointi 20,000 na kodi ya dola 5.60 inakupa senti 1.57 kwa kila pointi. Ikishuka chini ya senti moja, mimi nalipa taslimu au naahirisha.

Nikifika kwenye kuchagua mji, hapa sikubaliani na wengi. Watu huuliza pointi zao zinawafikisha wapi. Mimi nauliza tukishafika tutalipa nini. Pointi zinaweza kukufikisha Orlando kwa urahisi, kisha viingilio vya siku moja kwa watu watano vikameza kila ulichookoa. Washington ni mji wa ajabu kwa familia isiyo na pesa nyingi: makumbusho ya Smithsonian, ile taasisi ya makumbusho ya taifa, hayatozi kiingilio, bustani ya wanyama haitozi kiingilio, Bunge na Maktaba ya Bunge ni bure, na sanamu ya Lincoln huwezi kufungiwa hata usiku wa manane.

Ndege tulichukua ya Southwest, Dallas hadi Baltimore, si Washington kwenyewe. Bei ilikuwa nafuu, na kutoka uwanja wa Baltimore kuna basi la bure hadi kituo cha treni ya MARC inayokufikisha Union Station katikati ya mji. Nilikata tiketi mapema kwa pointi 21,000 kila mmoja, kwenda na kurudi. Kwa shirika hilo bei ya pointi ilifuata bei ya dola, na wakati huo uliweza kubadilisha tiketi ukarudishiwa pointi za tofauti. Basi kila Jumapili jioni nilikuwa naangalia. Novemba ikashuka hadi 17,500. Nikabadilisha, na pointi 17,500 zikarudi kwenye akaunti, sawa na tiketi nzima ya mtu mmoja. Kodi ya usalama ni dola 5.60 kwa kila mtu kila upande, kwa hiyo watano tulilipa dola 56.

Kuhusu hoteli niseme machache. Vyumba vingi hapa vina kikomo cha watu wanne, kwa hiyo familia ya watano hulazimika kuchukua viwili. Tafuta hoteli ya aina ya Embassy Suites, yenye chumba cha kulala na sebule iliyo na kochi la kukunjua, na asubuhi mnapikiwa mayai bila malipo. Hiyo iko chini ya Hilton, na mwanachama mwenye daraja la Silver akilipia usiku tano kwa pointi, wa tano anapewa bure. Kadi yao isiyo na ada ya mwaka inakupa daraja hilo. Mume na mke mnaweza pia kuunganisha pointi zenu bila malipo. Gari msikodi kabisa. Hoteli nyingi za katikati ya mji hutoza zaidi ya dola 50 kwa usiku kulaza gari tu.

Sasa vijana. Mtoto mdogo unambeba, kijana unamwomba. Mwaka 2024 tulimpa kila mmoja siku yake: achague pa kwenda, atafute njia ya metro, na ashike bajeti ya chakula cha mchana cha siku hiyo, dola 60 kwa watu wote, na kilichobaki ni chake. Huyu wa miaka 14, ambaye nyumbani hali kitu kisicho na jibini, alituongoza kwenye mkahawa wa Wahabeshi, tukazunguka sinia moja kubwa la injera, akabakiwa na dola tano. Na waacheni walale. Jumapili tuliyosafiri saa zilisogezwa mbele kwa majira ya kiangazi, halafu Baltimore iko mbele ya Dallas kwa saa moja, hivyo Jumatatu hakuna aliyetoka kitandani kabla ya saa 4. Tulipanga hivyo kwa makusudi.

Mahali pamoja nilipachagua mimi, na nilipapanga mwezi mzima kabla: Makumbusho ya Historia na Utamaduni wa Wamarekani Weusi, yaliyofunguliwa Septemba 2016. Kuingia ni bure lakini lazima uwe na pasi ya muda maalumu, na pasi hufunguliwa siku 30 kabla. Niliamka saa 1 asubuhi kwetu, ambayo ni saa 2 kwao, nikazipata zote tano. Watoto hawakujua kwamba msanifu wake mkuu, David Adjaye, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1966, mtoto wa mwanadiplomasia wa Ghana. Mkubwa wangu alisimama nje akilitazama lile jengo la rangi ya shaba kwa muda mrefu. Ndani, chini kabisa, tulikuta vipande vya chuma vilivyoipa uzito meli ya São José, iliyotoka Msumbiji ikielekea Brazil na kuzama karibu na Cape Town Desemba 1794. Ilibeba watumwa zaidi ya 400, na karibu nusu yao walikufa maji. Vijana wangu walikua wakisikia utumwa kama habari ya Afrika Magharibi. Pale mdogo aliniuliza, "Mama, Msumbiji si pale chini ya Mtwara?" Hatukuzungumza sana hadi tulipotoka.

Kesho yake ilikuwa zamu ya mkubwa. Alichagua Maktaba ya Bunge, kwa kuwa aligundua kwamba mtu wa miaka 16 anaruhusiwa kuchukua kadi ya msomaji, bure. Akaichukua. Wana chumba cha kusomea vitabu vya Afrika, na wana ofisi Nairobi ambayo kazi yake ni kukusanya machapisho ya upande wetu. Aliomba kitabu cha Kiswahili, akakaa nacho saa nzima, yeye ambaye nyumbani hunijibu kwa Kiingereza.

Maua ya miti ya micheri, ile ambayo Tokyo iliupa mji huo mwaka 1912, yalifika kilele Machi 17, siku mbili baada ya sisi kuondoka. Tuliyaona yamefunguka nusu, na yalitosha.

Hizo dola 742 ziligawanyika hivi: kodi za ndege 56, treni na metro 168, chakula 431, na vitu vidogo 87. Chakula kingezidi mara mbili kama tusingenunua mkate, matunda na kuku wa kuchoma dukani kila jioni.

Jambo moja limebadilika tangu wakati huo. Tiketi nyingi za Southwest zilizokatwa kuanzia Mei 28, 2025 hazina tena mabegi mawili ya bure, kwa hiyo ziongeze gharama za mabegi kwenye hesabu yako ya senti. Sisi safari ijayo kila mtu atabeba begi moja la mgongoni, na nguo tutafua hotelini Jumatano.