Jibu: Uwanja wenye lango moja kwa watu 400

Habari ndugu. Umesema mnatarajia watu 400 katika uwanja uliozungushiwa ukuta na wenye lango moja tu, na kwamba kamati inabishana kuhusu mahema na jukwaa bila kujua ianzie wapi.

Mimi ningeanza na lango. Katika shughuli nilizowahi kusimamia, msongamano haukutokea wakati wa kuingia, kwa kuwa watu hufika kidogo kidogo, bali wakati wa kutoka, pale wote wanaponyanyuka kwa pamoja, hasa mvua inapoanza ghafla. Mwombeni mwenye uwanja afungue njia ya pili iliyo mbali na ile ya kwanza, kisha mhakikishe milango yote miwili inafunguka kuelekea nje, haina kufuli, na hakuna gari wala meza iliyowekwa mbele yake. Asipokubali, punguzeni waalikwa.

Jenereta ikae mbali na mahema, upande ambao upepo hautarudisha moshi kwa watu, na isiongezwe mafuta ikiwa inawaka.

Kuhusu radi, hema si kinga. Muda kati ya mwale na ngurumo ukiwa chini ya sekunde 30, watu waingie katika jengo imara au magari yaliyofungwa, na wasirudi uwanjani hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Mteueni mapema mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusimamisha shughuli, na mshereheshaji aelewe kwamba akipewa ishara hasubiri hata wimbo uishe.