Barua kwa mwanangu: mpe kazi, usimpe maneno

Chake Chake, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Asalaam alaykum. Sisi huku wazima, na bibi yako anakuombea dua kila swala.

Umeniuliza umwambie nini nahodha wa timu unayoifundisha kabla ya fainali ya Jumapili, kwa kuwa alikosa penalti mechi iliyopita na tangu hapo hataki hata kuusogelea mpira ukishawekwa kwenye alama. Ukauliza pia kama apige tena ikitokea. La kumwambia Jumapili asubuhi mimi sinalo kubwa. Nitakujibu la Jumanne mpaka Alhamisi, maana ya Jumapili hupikwa siku hizo. Mchezaji mpe kazi, usimpe maneno. Umelisikia hilo tangu ukiwa skuli, na leo utalisikia tena.

Kwanza tenganisha mambo mawili yanayochanganywa kila siku. Kuna hofu ya mwili: moyo kwenda mbio, mikono kuwa baridi, koo kukauka, pumzi kuishia kifuani, miguu kuwa mizito. Na kuna wasiwasi wa kichwani: nikikosa itakuwaje, watanisema nini, kocha ataniweka benchi. Dawa zake ni mbali mbali. Ya mwili hutulizwa kwa pumzi. Ya kichwani haiondoki mpaka kichwa kipate kitu kingine cha kushika. Kijana anayewaza lawama ukimfundisha kupumua peke yake, atapumua vizuri sana huku akiendelea kuwaza lawama.

Na mwili kuchemka si ugonjwa. Mwaka 1908 watafiti wawili, Robert Yerkes na John Dodson, Marekani, waliwafundisha panya kuchagua kisanduku cheupe badala ya cheusi, na panya akikosea hupata mshtuko wa umeme. Kazi ilipokuwa nyepesi, mshtuko mkali uliwafanya wajifunze upesi. Kazi ilipokuwa ngumu, ule wa kiasi ndio uliofaa, na ulipozidi wakaharibikiwa. Sasa litazame hilo uwanjani. Beki anayetakiwa aruke na kuupiga mpira kichwa hata akiwa amepandwa na moto hufanya kazi yake. Mpigaji wa penalti anataka usahihi wa inchi chache, naye moto ule ule humharibu. Ndiyo sababu sipendi zile kelele za kupandishana mori kwenye chumba cha kubadilishia nguo: zinamfaa mmoja na kumuumiza mwenziwe, na kocha anadhani amewafaa wote kumi na mmoja.

Tena watu hawako sawa. Yuri Hanin, mwanasaikolojia wa michezo, alionesha kwamba kila mchezaji ana kiwango chake cha hofu anachochezea vizuri, mwengine chini, mwengine juu sana. Kwa hiyo usikisie. Kabla ya kila mechi muulize kila kijana, kwa faragha, hofu yake ni namba ngapi kutoka 0 hadi 10, uandike. Baada ya mechi andika alivyocheza. Mechi sita au nane zitakuonesha kwamba huyu hucheza vizuri akiwa kwenye 3, na yule akiwa kwenye 7. Yule wa 7 ukimtuliza mpaka 3 utamkuta anapiga miayo uwanjani.

Juu ya watazamaji, ambao unasema ndio wanaomtisha: tangu 1898 mtafiti Norman Triplett aliona waendesha baiskeli hukimbia zaidi wakiwa na wenzao kuliko peke yao. Halafu wengine wakaona kinyume, kwamba mtu akitazamwa huharibu. Mwanasaikolojia Robert Zajonc ndiye aliyelipanga jambo hilo mwaka 1965: macho ya watu hukuza kile ambacho kwa mtu ni chepesi kumtoka. Kama alichokomaa nacho ni sahihi, atafanya vizuri zaidi; kama bado anababaisha, atababaisha zaidi. Uliiona kwenye uwanja wetu wa Gombani tarehe 13 Januari 2025, Zanzibar tulipoifunga Burkina Faso 2–1 tukachukua Kombe la Mapinduzi hapa hapa nyumbani. Uwanja umefurika na vijana wanapanda juu tu. Furaha ile haijanitoka, na nikiikumbuka nazidi kuamini kwamba umati si adui. Umati unakuza ulichokuja nacho.

Lakini nikifika hapa siwezi kuikwepa Machakos, kule Kenya. Tarehe 17 Disemba 2017, fainali ya Kombe la Chalenji, la nchi za Afrika Mashariki na Kati. Tulishaifunga Tanzania Bara, tukaitoa Uganda nusu fainali, na kwa bibi yako watu walijaa mpaka ngazini. Mbili kwa mbili baada ya dakika 120, kisha penalti: Kenya 3, sisi 2. Kipa wao, Patrick Matasi, alizuia mikwaju mitatu, na haki yake tumpe. Kufungwa kwenyewe hakuniumi tena. Kinachoniuma mpaka leo ni yale ya barazani kesho yake. Mmoja anasema vijana waoga. Ami yako, ninayemheshimu, anasema penalti ni bahati nasibu. Vijana waliosawazisha ugenini hawaitwi waoga! Na penalti si bahati nasibu hata kidogo.

Tazama hesabu yake. Mpira uko mita 11 kutoka golini, goli lina upana wa mita 7.32, na shuti kali hufika kwa takriban nusu sekunde. Kipa akingoja kuona mpira unakokwenda, ule wa pembeni kabisa haupati. Mpigaji ndiye mwenye nafasi kubwa, naye huipoteza kwa njia zinazojulikana. Ya kwanza ni haraka: anataka mateso yaishe, filimbi ikilia tu ameshakimbia. Ya pili ni macho: mwenye wasiwasi humtazama kipa, na mguu hufuata macho, mpira ukaenda pale pale alipo kipa. Ya tatu ndiyo inayowapata hodari zaidi: anaanza kuufikiria mguu wake. Mkwezi aliye juu ya mnazi ukimtaka akueleze mguu gani unatangulia, utamwangusha. Kitu kilichokwisha kuingia mwilini hakitaki kusimamiwa kipande kipande.

Kwa hiyo Jumanne nenda na futi, upime mita 11, maana viwanja vingi vya skuli alama zake ni za kukisia. Siku ya kwanza apige bila kipa. Achague pembe kabla ya kuugusa mpira, na akishachagua habadilishi. Mpira auweke kwa mikono yake mwenyewe. Arudi nyuma hatua zile zile kila mara, nne au tano, azihesabu. Avute pumzi kwa puani kwa hesabu ya nne, aitoe kwa mdomo kwa hesabu ya sita, mara mbili. Ile ya kutoka ndefu ndiyo inayopunguza mbio za moyo. Alitazame tundu moja la wavu kwenye ile pembe, jicho litue hapo kama sekunde moja, ndipo arudi kwenye mpira. Filimbi ikilia, pumzi moja, kisha aende. Mpangilio huo usiguswe, hata mvua ikinyesha.

Usimpigishe mikwaju thelathini mfululizo. Ukifika wa kumi anafanyisha mguu mazoezi tu, wakati kwenye mechi hupata mmoja, tena amechoka. Mpe miwili kwa siku, mwishoni, na kati ya mmoja na mwengine afanye jambo jingine. Kila mkwaju atembee peke yake kutoka duara la kati, kama mita 40, wenzake wamejipanga nyuma, nusu wakimzomea. Safari ile ndiyo inayowaangusha, na hakuna anayeifanyia mazoezi. Akikosa, awe na adhabu ndogo, kama kukusanya mipira. Ukimfedhehesha utakuwa unamfundisha woga wenyewe. Na ukileta makelele kabla hajaushika ule mpangilio, atajifunza kupiga kwa pupa tu.

Mwanasaikolojia Albert Bandura, mwaka 1977, alitaja chemchemi nne za mtu kujiamini: kufanya akafaulu, kumuona mwenziwe akifaulu, kuambiwa na anayemuamini, na namna anavyousoma mwili wake mwenyewe. Ile ya kwanza ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Kijana aliyetembea mita 40 mara sita, akajua la kufanya kila hatua, amekwisha kuambiwa kila kitu.

Hapo najipinga mwenyewe, maana maneno nayo yamo katika zile nne. Na kujisemesha ni maneno pia, tena kunasaidia, hilo limeshapimwa. Ila tazama ni maneno gani. Yanayoelekeza husaidia kazi ya usahihi. Yanayotia hamasa husaidia nguvu na ustahamilivu. “Pembe” ni kazi: inauambia mguu uende wapi. “Usikose” haina la kufanya ndani yake, ila kukosa kwenyewe. Basi mwache achague neno moja, yeye mwenyewe, alitamke anapolitazama lile tundu. Naona sijarudi nyuma: hata neno, likiwa zuri, ni kazi. Na “tushinde” usimpe, kwa sababu ushindi hauko mkononi mwake. Ile pumzi na ile pembe viko.

Sasa lile la pili, apige tena au asipige. Ulimi unaniwasha. Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan wanasema mtu hubaki na ari akipata mambo matatu: kujiona ana hiari, kujiona anaweza, na kujiona ni wa wenzake. Ukimlazimisha apige umemnyang'anya la kwanza. Ukimzuia bila kumuuliza umegusa yote matatu. Ningekuwa mimi hapo uwanjani nina jambo langu tayari... la, sitalisema, maana utalifanya kwa kuwa nimelisema, na kijana humjui kwa macho yangu. Unaye wewe. Alhamisi, baada ya mkwaju wake wa mwisho, muulize peke yake kama anataka, na usimjibu haraka.

Usiku wa Jumanne nitumie namba zake mbili: hofu aliyoitaja kabla ya kutembea, na baada ya kupiga. Niandikie pia mpira ulikwenda wapi, hata kama ulitoka nje.

Mama yako