Maswali ya wauza nyumba: rangi mpya haifuti deni wala ndoa

Maswali ya safari hii ni ya wauzaji, wengi wao wa Dar es Salaam. Nusu yanauliza rangi ipi inavutia wateja. Hakuna hata moja lililouliza kodi ya pango la ardhi imelipwa mpaka mwaka gani, na hapo ndipo mauzo mengi yanapokwama.

Nyumba ya Kimara iko kwa jina langu peke yangu. Mke wangu tumetengana miaka minne, yuko kwao, ila talaka hatujapeana. Saini yake ya nini?

Kaka, kutengana si talaka. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinakataza mwanandoa kuuza, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati haina jina lake. Mkeo anaweza kuweka zuio kwa Msajili wa Hati, na zuio likishaingia, uhamisho hauendi popote.

Kuna njia ya mkato inayouzwa vijiweni: kula kiapo kwamba hujaoa. Usiiguse. Kiapo cha uongo ni kosa la jinai, na siku mkeo akienda mahakamani, mnunuzi atakugeukia wewe kwa hela uliyokwisha kuila. Panda basi umfuate. Asaini ridhaa mbele ya wakili, picha yake ya pasipoti ikiwa imebandikwa. Mkishindwa kuelewana, mahakama ndiyo igawe.

Dalali anaomba hati halisi akawaonyeshe wateja. Nimpe?

Usimpe. Mpe kopi yenye maandishi makubwa yaliyokatiza ukurasa, "kwa ukaguzi tu", na tarehe. Mteja wa kweli atafanya upekuzi ofisi ya ardhi kwa namba ya hati. Hana haja ya kuishika.

Nyumba imekaa sokoni miezi kumi na moja, madalali wanane wanaijua. Ujenzi ulinila milioni 140, nauza 180. Wateja wanakuja, wanaangalia, hawarudi. Tatizo nini?

Matatizo ni mawili, na yote umeyatengeneza mwenyewe.

La kwanza ni hao wanane. Kila mmoja anaweka cha juu chake. Mteja mmoja anaambiwa 185 na huyu, 200 na yule, jioni anapigiwa simu na wa tatu anayesema 170 "mwenye nyumba ana shida". Hapo anaamini nyumba ina mgogoro, na ungekuwa wewe ungeamini hivyo hivyo. Baki na dalali mmoja, wawili ukizidisha. Andikeni karatasi: bei ni hii, kamisheni ni asilimia kadhaa mliyokubaliana, analipwa hela ikishaingia, na cha juu hakuna.

La pili ni bei. Mnunuzi hakurudishii nondo ulizozika kwenye msingi wala fundi aliyekuibia saruji. Analipia nyumba kwa mtaa ilipo. Chukua mthamini aliyesajiliwa sasa. Ripoti ya uthamini itahitajika hata hivyo wakati wa uhamisho, na itapita kwa Mthamini Mkuu wa Serikali. Watu huifanya mwishoni kama adhabu, wakati ingewaokoa kuanzia siku ya kutaja bei.

Tumekubaliana milioni 90. Tuandike 50 kwenye mkataba ili kodi ipungue?

Swali hili linarudi kila mwezi na jibu ni lile lile. TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, hawafungwi na namba uliyoandika, wanaangalia pia thamani iliyoidhinishwa. Halafu mnunuzi akigoma kumalizia, hakimu atasoma 50. Hizo 40 utazidai kwa karatasi gani?

Fanya hesabu kwanza, pengine unaiba usichodaiwa. Tuseme kiwanja na ujenzi viligharimu milioni 78, faida ni 12. Nyumba ya makazi uliyoimiliki mfululizo miaka mitatu au zaidi, na ukaishi humo jumla ya miaka mitatu, faida isiyozidi milioni 15 haitozwi kodi. Ikizidi hapo, mkazi wa Tanzania analipa asilimia 10 ya faida. Asiye na kumbukumbu za gharama anatozwa asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyoidhinishwa, iliyo kubwa. Kwa milioni 90 hiyo ni milioni 2.7, imeondoka kwa sababu tu risiti za mabati na saruji ziliwashia jiko. Tunza karatasi.

Mwenyekiti wa mtaa anataka asilimia 10 ya mauzo. Ni sheria?

Si sheria. Ni mazoea.

Mnunuzi atalipa kwa awamu tatu, ila anataka fomu zote zisainiwe leo. Anaonekana mstaarabu.

Matapeli wote wanaonekana wastaarabu. Fomu za uhamisho ni tatu: namba 29 ya taarifa, 30 ya kuomba kibali na 35 ya uhamisho wenyewe. Ukizisaini na kumkabidhi pamoja na hati, umebaki na ahadi. Kama lazima zisainiwe, zikae na hati kwa wakili mliyemkubali wote, na mkataba useme haziachiwi mpaka awamu ya mwisho isomeke kwenye akaunti yako. Mkataba utaje tarehe ya kila awamu, siku za nyongeza, na kiasi gani cha malipo ya awali kinapotea akishindwa. Funguo zitoke mwisho. Mnunuzi aliyehamia na sofa kabla ya kumaliza deni humtoi bila kesi.

Kuta zinatoa chumvi kwa chini. Rangi gani itafunika mpaka niuze?

Hakuna. Rangi ya mafuta inafungia unyevu ndani, baada ya wiki chache inatoa malengelenge na kubanduka vipande vipande. Mara nyingi msingi haukuwekwa nailoni ya kuzuia unyevu, au mchanga na maji ya ujenzi vilikuwa na chumvi, au kuna bomba la bafuni linavuja. Anza na bomba, ndiyo rahisi. Kisha bandua plasta mpaka tofali, nusu meta juu ya alama ya unyevu. Acha ukuta upumue wiki tatu au nne, ndipo upige plasta mpya ya mchanga safi yenye dawa ya kuzuia maji. Huna muda? Uache ulivyo na ushushe bei. Fundi wa mnunuzi atagonga kwa ufunguo, na plasta iliyoachia inalia kama debe tupu.

Baba amefariki, kikao cha ukoo kimeniteua niuze nyumba.

Kikao kinapendekeza. Anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mpaka upate barua ya uteuzi huo, usipokee hata shilingi ya "kushikia".

Wapangaji wawili wamelipa kodi ya miezi sita. Nimwambie mnunuzi?

Mwambie, na mkataba uonyeshe kodi ya miezi iliyobaki ni ya nani. Siku ya makabidhiano pigeni picha mita ya maji, namba zikisomeka, na ulipe deni lako siku hiyo hiyo.