Somo tunalo, kazi iko darasani

Ndugu, umeuliza serikali inangoja nini kuingiza ujasiriamali shuleni. Mbona kwenye makaratasi umeshaingia? Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali sekondari, yaani masomo ya ufundi na stadi za kazi. Na wazo lenyewe si geni, Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967.

Kasheshe ni namna tunavyofundisha. Niliwahi kusimamia kidato cha pili wakapika visheti vya kuuza mapumziko. Unga, sukari, mafuta, vyote wakaandika daftarini, wakashangilia faida ya shilingi elfu sita. Nikawauliza: na mkaa? Kimya. Waliuchota jikoni shuleni! Tulipoupigia bei, faida ikabaki mia nane. Hesabu ile ilinoga kuliko kukariri "sifa kumi za mjasiriamali", lakini kwenye mtihani haina alama hata moja. Hapo ndipo sera inatakiwa iguse: daftari la mauzo lipewe alama.

Chuo kikuu nako, mtu anaandika mchanganuo wa biashara kurasa thelathini, anapata A, unaishia kabatini. Wakati huohuo halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kati ya hizo ikiwa ya vikundi vya vijana. Muulize wa mwaka wa tatu kama anamjua afisa maendeleo ya jamii wa kata yake, anayeshughulikia mikopo hiyo. Mimi nimeuliza darasa zima, mkono ulinyooshwa mmoja.