Sifa au umaarufu?

SWALI: Natafsiri shairi la Milton, Lycidas, kwa wanafunzi wangu wa kidato cha sita. Neno "fame" nimeliandika "umaarufu" kila mahali. Mwenzangu anashikilia kuwa ni "sifa". Nani yuko sahihi?

JIBU: Kwa shairi hilo, mwalimu, mwenzako amepata. Umaarufu ni kujulikana na wengi, basi. Mchezaji mpira ni maarufu, mgahawa ni maarufu, hata jambazi huwa maarufu. Waondoe watu, na umaarufu umekwisha. Sifa haingoji umati: mmoja akikusifu, umesifiwa.

Tofauti hiyo ndiyo inayobeba jibu analopewa Milton. Alitunga shairi mwaka 1637 kumlilia Edward King, aliyesoma naye Cambridge, ambaye alizama akisafiri kwenda Ireland angali kijana. Katikati ya kilio anauliza: ya nini kukesha na kujinyima raha, ikiwa mauti huukata uzi wa uhai pale pale mtu anapotaraji kung'ara? Phoebus, mungu wa ushairi, anamjibu kwamba sifa si mmea wa udongo huu wa wanadamu. Huishi juu, mbele ya macho safi ya Jove, mfalme wa miungu na hakimu wa yote. Sasa weka "umaarufu" hapo. Umaarufu gani huo, wa mbele ya shahidi mmoja? Maana inavunjika. "Sifa" inakaa bila kusukumwa.

Kuna na faida ya pili. Milton huiita hamu ya sifa udhaifu wa mwisho wa moyo wa kiungwana: mtu ameshinda tamaa nyingine zote, hii moja ingali inamng'ang'ania. Sisi tunaujua udhaifu huo, ndiyo maana tukisema fulani "anapenda sifa" hatumsifu. "Anatafuta umaarufu" nayo ni lawama, lakini hiyo humwangukia yeyote anayetaka kuonekana, hata asiye na lolote. Mpenda sifa anaweza kuwa hodari kwelikweli wa kazi, na huyo ndiye mtu wa Milton.

Ila usilibebe neno hilo ukampelekea kila mshairi. Katika karne ya 14, Geoffrey Chaucer aliota kasri juu ya mwamba wa barafu uliochongwa majina. Yaliyoelekea jua yameyeyuka hayasomeki; yaliyo kwenye kivuli cha kasri ni kama yamechongwa leo. Ndani ameketi Fame mwenyewe, mungu wa kike mwenye macho, masikio na ndimi zisizohesabika. Watu waliotenda mema wanamjia makundi kwa makundi: hawa anawanyima, wale anaamuru wapuliziwe tarumbeta nyeusi ya kashfa, wengine ya dhahabu, na sababu hatoi. Hapo "sifa" ni neno la heshima mno. Mimi ningetumia "kuvuma", kwa kuwa shina hilo linatupa aliyevuma na uvumi pia, na Chaucer anazungumzia yote mawili kwa pamoja.

Kwa shairi la Thomas Gray la makaburi ya kijijini, 1751, neno ni "glory", si "fame": njia zake zinazoishia kaburini ziite za "fahari". "Utukufu" masikio yetu yamezoea kuusikia kwa Mungu.

Na kuvuma usikuache nje ya Lycidas. Phoebus anasema pia kwamba sifa haimo katika maneno yaliyoenea kwa watu. Andika "uvumi" hapo, wanafunzi wazione sifa na uvumi zikipambana ndani ya ubeti mmoja.