Upasuaji umefanikiwa, ila wiki ya pili ndiyo ya kukesha

Mgonjwa akishatoka chumba cha upasuaji, ndugu zake huniuliza, "Daktari, si amepona sasa?" Mshipa uliovimba kama puto ukapasuka kichwani umeshabanwa kwa klipu, au umejazwa koili, yaani nyuzi laini za metali, kwa kupitia mshipa wa paja. Hofu ya kuvuja tena imepungua sana. Furaha yao naielewa, lakini utafiti wangu unahusu yale yanayofuata baada ya hapo, kwa hiyo mimi ndiyo kwanza naanza kuhesabu siku.

Hatari nyingine huja kati ya siku ya 4 na ya 14 tangu damu ilipovuja. Damu iliyouzunguka ubongo huchakaa, na mabaki yake huichokoza mishipa ikajikaza. Mtu aliyekuwa akiongea vizuri jana, leo anasinzia, anachanganya majina ya wanawe, au mkono mmoja umelegea. Nyinyi mnaomjua ndio mtakaoona kwanza. Muuguzi wa zamu hawezi kujua kwamba mama huyu kwa kawaida hamalizi dakika bila kutania. Mkiona amebadilika, semeni saa ileile, hata ikiwa ni saa nane usiku. Ile kauli ya "mwacheni apumzike" naiogopa kuliko presha.

Dawa ya kuikabili hatari hii ni nimodipini: miligramu 60 kila baada ya saa 4, usiku na mchana, kwa siku 21. Katika utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 1989, sehemu ya ubongo ilikufa kwa kukosa damu kwa asilimia 22 ya waliopewa dawa hiyo, dhidi ya asilimia 33 ya wasiopewa. Mkiambiwa muinunue nje, itafuteni kabla pakiti haijaisha. Inaweza kushusha presha. Ikitokea hivyo daktari anaweza kuigawa iwe 30 kila saa 2. Msiikatishe wenyewe.

Mengine mnayosoma mtandaoni yapokeeni kwa tahadhari. Madini ya magnesiamu yalijaribiwa kwa hatari hiihii, matokeo ya 2012 hayakuonyesha faida. Simvastatini, dawa ya kushusha lehemu, nayo vivyo hivyo, 2014. Klazosentani, dawa ya kulegeza mishipa iliyojikaza, ndiyo inayoniumiza kichwa: kwenye picha mishipa inaonekana imelegea kweli, na Japani waliiidhinisha 2022, lakini majaribio makubwa ya kimataifa hayakuonyesha kwamba wagonjwa waliishia na hali bora. Picha ikipendeza na mtu akabaki hawezi kujilisha, tumepata nini?

Kinachonipa moyo ni kitu kisicho cha kifahari, mrija mwembamba wa mgongoni unaotoa maji ya uti wa mgongo yenye damu siku za mwanzo. Utafiti uliofanyika Ujerumani, Uswisi na Kanada, ukachapishwa 2023, uliona ulemavu mkubwa umepungua miezi sita baadaye. Si kila mgonjwa anafaa kuwekewa, lakini kumuuliza daktari wenu hakugharimu kitu.

Mkisharudi nyumbani, angalieni mwendo wake. Akianza kuburuza miguu, kusahau sana na kushindwa kuzuia mkojo, hata kama miezi imepita, huenda maji yanajaa kichwani. Msiusingizie uzee. Mrudisheni apigwe picha ya kichwa ya CT. Yakikutwa maji, kuna upasuaji wa kuweka mrija unaoyapeleka tumboni, na wengi hutembea vizuri tena.