Mwanangu, Desemba siji

Zuhura mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma ndani ya basi nikacheka peke yangu, hadi abiria wa pembeni akageuka. Eti: "Mama, umestaafu kulea wazee ili ukakate miiba ya Wazungu kwenye baridi? Seng'enge zimeisha huko? Na Desemba unakuja au huji?"

Seng'enge zipo tele. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya hapa Uingereza iliwalipa wakulima wang'oe nyua za miti ya miiba ili mashamba yawe makubwa. Nyua zilizosalia, wengi huzikata kwa mashine ya trekta. Mashine inapunguza juu tu, mwaka hadi mwaka, pale pale. Basi ua unanenepa kichwani, chini unabaki miguu mitupu, na kondoo anapita akiwa amesimama wima. Ua wa namna hiyo hauponi mpaka ulazwe, na kulaza nyua ndiyo kazi yangu sasa.

Najua unadhani nafyeka. Sifyeki. Chukua mti wa miiba, hawthorn wanauita, mrefu mara mbili yako, mnene kama kifundo cha mkono. Unaukata karibu na ardhi, kwa mshazari kwenda chini, kwa mundu mpana mzito wenye ncha iliyopinda. Unakata hadi kinabaki kipande chembamba cha gome na ubao kidogo, kama ulimi. Hapo unaulaza taratibu juu ya mwenzake, ubaki umeinama, usilale chali. Ulimi ule unapitisha maji, mti unaishi. Lakini tegemeo ni kisiki: baridi ikiisha kinachipua kutoka chini kabisa, machipukizi yanapanda katikati ya miti iliyolala, na pengo linaziba.

Siku ya kwanza mzee anayenifundisha alinipa miti miwili. Wa kwanza niliogopa, nikauacha mnene; nilipouinamisha ukapasuka hadi juu kama kuni. Wa pili nikautenganisha kabisa, ukabaki mkononi mwangu. Akautazama akasema, huo sasa ni wa kuota moto. Hadi saa nane mchana nilikuwa na mita mbili, na mbili zenyewe za kuonea aibu.

Kuna kitu ungekipenda. Miti ikishalazwa tunachomeka vigingi kuishikilia, na kipimo kati ya kigingi na kigingi ni dhiraa: kiwiko hadi ncha za vidole. Hakuna anayetoa futi. Nilipoona nikamkumbuka bibi yako akipima ukili pale barazani Muheza. Kisha juu ya vigingi tunasuka fito ndefu za mti uitwao hazel, zinapishana mpaka ua wote unakazwa. Vigingi na fito, Zuhura! Babu yako angeshika kazi hii kwa siku moja.

Hapa Leicestershire ua unalazwa kwa ajili ya maksai, kwa hiyo matawi yenye miiba yanaelekezwa upande wa ng'ombe, vigingi vinakaa upande wa pili asije akavisukuma. Kwingine wana mitindo yao, yote pamoja inazidi 30, na wanabishana kama wapishi wa pilau. Chama chao cha taifa kilianzishwa 1978, na Mfalme Charles ndiye mlezi wake. Yeye naye hulaza nyua. Si jambo la jana. Kaisari aliwakuta watu wa Ubelgiji ya leo, mwaka 57 kabla ya Kristo, wakikata miti michanga na kuipinda iwe ukuta wa kuzuia wapanda farasi.

Pesa? Wanalipa kwa mita, na kwa mita zangu usianze kupanga harusi. Mgongo unauma, sikufichi. Kuna mti mwingine, blackthorn, mwiba wake ukivunjikia kwenye kiungo kinavimba siku nyingi. Dole gumba la kushoto limenitesa wiki mbili. Lakini miaka ile ya zamu za usiku sikuwahi kuliona jua likichomoza nikiwa nje. Sasa naliona kila Jumamosi, barafu bado iko kwenye majani, na chai ya chupa mkononi.

Usiende ukajaribu kwenye minyaa ya jirani. Utomvu ukikuingia machoni utanilaumu mimi.

Kuhusu Desemba: siji. Kazi hii ni ya wakati mti umelala, Oktoba hadi mwisho wa Februari. Machi ndege wanaanza kujenga viota, na mundu unawekwa chini. Nitakuja Aprili, najua masika yatakuwa yameshika na njia ya kwetu imejaa matope. Nitumie namba ya viatu vya baba yako, nimletee mabuti.

Mama yako